Mama hataki kupasuliwa jicho

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nauza vitenge hapa Tanga mjini. Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Muheza, umri wake unakaribia 70. Tangu mwaka juzi macho yake yanafifia. Alianza kwa kulalamika kwamba taa zimezungukwa na ukungu. Sasa anapishana na majirani njiani bila kuwasalimia, na wapo waliokasirika wakidhani anajidai. Mwezi uliopita aliwatilia wageni chumvi kwenye chai. Ukimtazama karibu unaona weupe katikati ya jicho la kulia. La kushoto halijawa jeupe hivyo.

Nimemwambia twende hospitali, amegoma. Kuna jirani amemwambia kwamba madaktari hulitoa jicho zima, wakaliweka kwenye sahani, wakalisafisha ndipo wakalirudisha, na kwamba kuna mtu lake lilirudishwa vibaya. Kaka yangu naye anasema tusubiri mpaka mtoto wa jicho aive, ndipo apasuliwe. Wakati tunabishana, shangazi mmoja amemletea maji ya majani fulani, anamdondoshea asubuhi na jioni. Shemeji yangu anataka apelekwe Dar es Salaam moja kwa moja, lakini nauli na kuishi huko ni mtihani. Mama ana presha, anameza vidonge, na kifua chake cha pumu kinamsumbua wakati wa baridi.

Naomba unieleze wanafanya nini hasa huko hospitali, ataumia kiasi gani, atalazwa siku ngapi. Nikiweza kumweleza hatua kwa hatua labda atalainika. Mimi mwenyewe sijui, nimezoea kununua miwani ya kusomea kwa wamachinga basi.

Mtoto wa pili, Tanga

*

Mwanangu. Nianze na hilo la sahani, maana mama hatasikia jingine lolote hadi hilo limtoke moyoni.

Jicho halitolewi. Hakuna daktari popote duniani awezaye kulitoa jicho, kulisafisha na kulirudisha likaona tena, kwa sababu mshipa wa fahamu unaoliunganisha na ubongo ukikatwa hauungiki. Kinachotolewa ni lenzi, kitu chenye upana wa karibu sentimita 1 kilichokaa nyuma ya mboni. Ujanani lenzi huwa angavu. Umri ukisogea huingia ukungu, kama kioo cha dirisha la jiko la kuni, na ukungu huo ndio tunaouita mtoto wa jicho. Daktari hufungua upenyo pembeni mwa jicho. Kwa mashine inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, upenyo ni wa milimita 2 au 3. Kwa njia ya mkono, inayotumika sana katika hospitali zetu, ni milimita 6 au 7. Anaitoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia palepale. Upenyo wa aina hii mara nyingi hujifunga wenyewe bila uzi.

Hata hivyo, usitegemee maelezo haya peke yake. Mbele ya maneno ya jirani, mimi na wewe hatufui dafu. Mtafute mzee wa hapo kijijini au kijiji cha pili aliyewahi kupasuliwa mtoto wa jicho, mwombe aje akae na mama barazani, wewe ondoka uwaache. Mama atamuuliza mambo ambayo hawezi kukuuliza wewe mwanawe.

Kaka yako hakulitunga neno lake. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakiwaambia watu wasubiri, kwa sababu lenzi ilitolewa nzima bila kuwekwa nyingine, na mgonjwa alivaa miwani mizito maisha yake yote. Haikuwa na maana kumpa mtu shida hiyo wakati bado anaona kidogo. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1949, pale daktari Mwingereza Harold Ridley alipomwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ndani ya jicho katika hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa amewatibu marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliorukiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, akaona vile vipande vinakaa humo bila jicho kuvikataa. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo hiyo ndiyo kazi ya kila wiki katika hospitali zetu.

Kwa hiyo habari ya kuiva imepitwa na wakati. Kipimo cha leo ni kama ukungu unamzuia mtu kufanya shughuli zake, na mama anayetia chumvi kwenye chai ya wageni kishafika hapo. Kusubiri kuna madhara pia. Lenzi iliyoachwa sana huwa ngumu, na kazi ya kuitoa inakuwa kubwa. Nyingine huvimba au kuvuja, presha ya ndani ya jicho ikapanda, jicho likauma na kuwa jekundu, na hapo unaweza kuupoteza ule mshipa wa fahamu ambao hakuna lenzi ya kuufidia. Ikitokea hivyo, jicho limeuma ghafla na mama anatapika, usingoje asubuhi.

Na yale maji ya majani yakome leo. Sisemi hivyo kwa kudharau tiba za wazee wetu. Ukungu uko ndani ya jicho, nyuma ya mboni, na hakuna tone la majani, la asali wala la duka la dawa linaloweza kuufuta. Linachoweza kufanya ni kukichubua kioo cha mbele ya jicho na kuingiza vijidudu, kikapata kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Wauguzi wa kliniki za macho wanawajua wagonjwa wa namna hii: waliokuja na tatizo la kupasuliwa, wakaishia na kovu lisilopasulika. Mwambie shangazi huyo kwa upole, maana naye anampenda mama. Mkifika hospitali, usifiche kwamba aliwekewa. Hakuna atakayewafokea, na hata akifoka, mwache afoke, lakini apate habari kamili. Hayo hayo nayasema kwa dawa za macho za dukani zinazonunuliwa bila cheti. Zile zenye steroidi zinatuliza wekundu vizuri sana, ila zikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi zinapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho zenyewe.

Sasa twende hospitali.

Siku ya kwanza ni ya vipimo tu, na mama ajue hivyo kabla ya kutoka nyumbani. Hakuna atakayemrukia na kisu. Beba vidonge vyake vya presha na dawa ya pumu vikiwa ndani ya maboksi yake, na kadi yake ya kliniki. Nendeni mapema, mkiwa mmekula, kwa sababu foleni ya macho ni ya kukaa: unasogea benchi hii hadi benchi ile, kila chumba na kipimo chake.

Kwanza ataketi mita 6 kutoka kwenye chati ya herufi. Asiyejua kusoma asione haya, ipo chati ya herufi E zilizogeuzwa huku na huku, na kazi yake ni kuonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Watamfunika jicho moja, kisha jingine. Akishindwa kabisa, wataleta vidole karibu ahesabu, na akishindwa hivyo watamulika tochi kutoka pembe mbalimbali wamuulize mwanga unatokea wapi. Wazee wengi hapo hubahatisha ili wasiaibike. Mwambie asibahatishe, huu si mtihani wa darasa la saba. Kwenye kadi wataandika kitu kama 6/60, maana yake ni kwamba anaona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60. Akishuka chini ya 3/60 kwa jicho lililo bora, Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa kipofu. Neno hilo likitamkwa msilie. Upofu wa mtoto wa jicho, unaoongoza duniani, ndio huo huo unaotibika.

Kisha presha ya jicho. Hii haina uhusiano na presha anayomezea vidonge, na watu wanachanganya kila siku. Watamtia tone la ganzi na kuligusa jicho kidogo, au mashine itampulizia upepo ashtuke. Ya kawaida huwa kati ya 10 na 21. Baadaye yanakuja matone ya kupanua mboni, ambayo yanawasha kidogo, na baada ya nusu saa hivi daktari anatazama nyuma ya jicho kupitia mashine ambayo mgonjwa huegemeza kidevu. Saa kadhaa baada ya hapo macho hayatastahimili mwanga wala kuona vizuri vitu vya karibu. Ndiyo maana nasema asiende peke yake. Mchukulie kofia pana au mtandio wa ziada, jua la Tanga mnalijua.

Katika chumba hicho cha mwisho, wewe usikae kimya. Muulize daktari: nyuma ya jicho kukoje? Hapo ndipo penye jibu la kama upasuaji utamrudishia mama kuona au la. Lenzi mpya haitibu mshipa uliokufa kwa glakoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho, wala retina iliyoharibiwa na kisukari. Wakati mwingine ukungu ni mzito mno hata daktari haoni nyuma, na atakwambia wazi kwamba matokeo yatajulikana baadaye. Daktari anayekwambia hivyo ni mwaminifu, usimkimbie ukamtafuta wa kuahidi. Na lazima umtajie habari ya pumu. Mojawapo ya dawa zinazotumika sana kushusha presha ya jicho, timololi, inaweza kumbana kifua mtu mwenye pumu, ingawa ni matone tu ya machoni. Katika msongamano wa kliniki jambo kama hilo linaweza kupita bila kuulizwa.

Akionekana anafaa kupasuliwa, watampima urefu wa jicho na mviringo wa kioo cha mbele ili kujua nguvu ya lenzi ya kumwekea. Watampima sukari na presha ya damu. Namba zikiwa juu sana, watamrudisha nyumbani na dawa, aje baada ya siku au wiki kadhaa. Kijijini hilo hutafsiriwa kuwa "wamemkataa". Hawajamkataa, wanakwepa asije akavuja damu ndani ya jicho juu ya meza. Asiache vidonge vyake hata siku moja, na asubuhi ya upasuaji aulize wodini kama ameze na kama ale, kila hospitali na utaratibu wake.

Upasuaji hufanywa jicho moja kwanza, mara nyingi lile lililoharibika zaidi, na la pili baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo hatafungwa macho yote mawili. Asubuhi hiyo anawe uso vizuri kwa sabuni, na wanja uachwe nyumbani. Najua mama zetu wa Pwani na wanja wao, ila chembe zake hazitakiwi karibu na jicho lililopasuliwa, siku hiyo wala wiki zinazofuata. Anadungwa sindano ya ganzi kando ya jicho. Hiyo ndiyo sehemu inayouma, kwa dakika chache, na usimwambie haiumi, maana ukimdanganya hapo hatakuamini tena. Baada ya hapo jicho linakufa ganzi, halichezi wala halioni vizuri. Uso unafunikwa kitambaa chenye tundu. Hatalala usingizi. Atawasikia wakizungumza na kuombana vifaa, ataona mwanga, pengine na vivuli, wala hataona kisu kikimjia. Atakachotakiwa kufanya ni kutulia. Kikohozi kikimjia, aseme kabla ya kukohoa, wasubiri. Kwa mtoto wa jicho wa kawaida kazi hii huchukua dakika 15 hadi 30. Nyinyi mlioko nje mtaona muda mrefu zaidi kwa sababu ya maandalizi na foleni.

Hospitali nyingine humruhusu siku ileile, nyingine humlaza usiku mmoja, hasa waliotoka mbali. Asubuhi yake bandeji inafunguliwa. Wapo wanaoona vizuri hapo hapo, na wapo wanaoona ukungu kwa siku kadhaa hadi uvimbe upungue. Rangi humshtua kila mtu, hasa ya buluu, kwani lenzi ya zamani ilikuwa imeipaka dunia umanjano. Mama yangu mdogo, alipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokitaja kilikuwa utando wa buibui darini, na tangu siku hiyo wakwe zake hawajapumzika.

Nyumbani ndiko kazi inakohamia kwako. Atapewa matone, kwa kawaida ya kuzuia maambukizi na ya kutuliza uvimbe, ya kutumia kwa wiki 4 hivi, na mwanzoni ni mara nyingi kwa siku. Mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina, si "watoto watamwekea". Anawe mikono, avute kope ya chini, adondoshe tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Chupa yake isitumiwe na mwingine. Asilisugue jicho, ajikinge usiku kwa kile kikinga atakachopewa, asibebe ndoo ya maji wala tenga la machungwa, asiinamie jiko la moshi. Kuhusu sala, wengi huambiwa wasali wameketi siku za mwanzo na kwenye udhu wasimwagie jicho maji. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini, na mama akisita, imamu wenu atamweleza vizuri kuliko mimi.

Kuwasha kidogo na hisia ya mchanga ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunakopungua baada ya kuwa kulikuwa kuzuri, hayo si ya kawaida, na dawa yake ni kurudi hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili. Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra, lakini yakija hayampi mtu siku tatu za kushauriana na ukoo. Baada ya wiki 4 hadi 6 atapimwa miwani, kwa sababu lenzi ya bandia huwekwa kwa ajili ya kuona mbali na ya karibu atahitaji msaada. Na kama mwaka mmoja au miwili baadaye ukungu ukirudi, msiseme mtoto wa jicho ameota tena. Hawezi kuota. Ni kile kifuko kinachoishika lenzi kimepata utando, na huondolewa kwa mwanga wa leza, dakika chache, bila kukatwa popote.

Kuhusu Dar es Salaam, shemeji yako ana nia njema, na ni kweli CCBRT pale Msasani na Muhimbili wana uzoefu mkubwa. Lakini mimi ningeanzia hospitali ya Bombo, hapo hapo mjini kwenu, kwa barua kutoka kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Uliza siku za kliniki ya macho na siku za upasuaji. Wakiona jambo linalowazidi, watampa rufaa, na kwa mkoa wa Tanga njia ya rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi. Upasuaji wa jicho una marejeo: kesho yake, wiki inayofuata, mwezi unaofuata. Mgonjwa aliyepasuliwa mbali mara nyingi harudi kuonwa. Kwa sababu hiyo hiyo, ikitangazwa kambi ya macho ya bure wilayani, ipokeeni, ila uliza kwanza nani atamfungua bandeji, na nani atamwona baada ya madaktari wa kambi kuondoka.

Fedha. Sera ya serikali ni kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Anza na serikali ya kijiji upate utambulisho wake, na hospitalini tafuta dirisha la wazee au ofisi ya ustawi wa jamii. Kama yumo kwenye bima, uliza mapema kama lenzi na matone vinalipiwa. Hata penye msamaha, wakati mwingine mtaambiwa mnunue kitu nje kwa sababu stoo imeisha. Inaudhi, najua. Uliza jumla yote siku ya vipimo, iandikwe kwenye karatasi, ndipo uwapigie ndugu zako simu za mchango ukiwa na namba mkononi.

Limebaki lako wewe. Una miaka 44 na unanunua miwani kwa wamachinga. Miwani ya kusomea baada ya 40 ni jambo la kawaida, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mmachinga hapimi presha ya jicho. Glakoma hutembea katika familia, hula uwezo wa kuona kutoka pembeni bila maumivu yoyote, na kinacholiwa hakirudi. Siku utakayompeleka mama, kata cheti chako nawe, ukae kwenye kile kiti upimwe kabla hamjarudi nyumbani. Mama akikutwa na glakoma, kaka yako naye aje.